Digidigi Aliyejifanya Hajui Hesabu

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walivaa sare na kukimbilia kengele ya asubuhi, palikuwa na shule moja pembezoni mwa mbuga. Kuta zake zilikuwa za udongo, paa la nyasi, na ubao ulikuwa gome la mti lililopakwa masizi. Darasa la tatu la shule hiyo ndimo alimosoma Digidigi.

Mnamjua Digidigi, watoto wangu? Ni yule mnyama mdogo mwenye miguu kama njiti na macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Huyu wetu alikuwa binti, na hesabu alizipenda kama ninyi mnavyopenda muwa. Akila majani, anahesabu. Akiruka vijiwe, anajumlisha. Lakini darasani hakuna mwenzake aliyejua, kwa sababu alikuwa amehamia muhula huohuo, na mahali alipopangiwa kukaa ni nyuma ya Kifaru. Na ukikaa nyuma ya Kifaru, hata ukinyoosha mkono kutwa nzima, mwalimu ataona Kifaru tu.

Kila siku Digidigi alikwenda shule na kurudi pamoja na wenzake watatu wa mtaa mmoja: Kaka Kifaru, Kaka Nyati na Dada Kiboko. Wote walikuwa darasa la tatu. Kifaru alikuwa amelirudia darasa hilo mara nyingi mpaka dawati lake limebonyea kama kitanda cha kamba.

Walipotembea, ardhi ilitikisika. Ndi, ndi, ndi, Kifaru. Ndi, ndi, ndi, Nyati. Pwa, pwa, pwa, Kiboko. Halafu nyuma yao: ti-ti-ti-ti-ti.

Njiani palikuwa na kichaka cha miiba, na humo aliishi Mzee Chui. Kila asubuhi alikaa mlangoni kwake, amekunja miguu, anachokoa meno.

"Shikamoo, Mzee Chui," Digidigi alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Naona leo umekuja na wenzako."

"Ndiyo, Mzee."

"Na kesho?"

"Na kesho nitakuja nao."

"Haya," Mzee Chui alisema, akameza mate. Gluku. "Msome kwa bidii."

Siku zikaenda hivyo. Jumatatu moja Mwalimu Mkuu Tembo aliwasimamisha wanafunzi wote mstarini, akapuliza mkonga.

"Baada ya wiki nne," alisema, "darasa la tatu mtafanya mtihani wa hesabu. Maswali ni ishirini. Atakayepata chini ya kumi, nitampeleka chekechea, ng'ambo ya mto, akaanze upya pamoja na vifaranga wa bata."

Kifaru aliangalia miguu yake. Alikuwa amewahi kuviona viti vya chekechea. Vilikuwa vidogo kama vifuu vya nazi.

Mwalimu Korongo, aliyefundisha hesabu, alisogea mbele. Alikuwa mwalimu mpole, mrefu, mwenye tabia ya kusimama kwa mguu mmoja akiwa anafikiri. "Kila siku baada ya masomo nitakuwa pale nyuma, kwenye kichuguu," alisema. "Ni darasa la ziada kwa kila anayeona hesabu zinamshinda. Tutakwenda polepole. Hakuna atakayechekwa."

Lakini juu ya paa alikuwa amekaa Ngedere, wa darasa la tatu hilohilo, naye tayari anacheka. Kwi, kwi, kwi. "Darasa la vilaza hilo," alisema. "Atakayekwenda namtungia wimbo."

Na kweli alikuwa ameshautunga:

*Kilaza, kilaza,*
*moja na moja imemmaliza!*

Basi, jioni hiyo Mwalimu Korongo alisubiri kwenye kichuguu mpaka mchwa wakamzoea. Hakuja mtu. Kesho yake hakuja mtu. Siku ya tatu mwalimu aliamua kwenda mwenyewe nyumbani kwa kina Kifaru. Mama Kifaru alimkaribisha, akamwekea uji, akaita, "Mwanangu, mwalimu wako amekuja." Mwanawe alikuwa amejificha nyuma ya mgomba, na wote wawili walimwona kuanzia mabega mpaka mkia, ila kwa heshima wakanyamaza. Mwalimu akanywa uji, akaaga, akaondoka.

Digidigi alipata habari hizo. Walipokuwa wakirudi nyumbani aliwauliza kwa upole, "Kaka zangu, dada yangu, mbona hamwendi kwenye darasa la ziada?"

"Mimi nina kazi nyumbani," Kifaru alisema.

"Mimi jua la mchana linaniumiza kichwa," Nyati alisema.

 Kiboko alivuta pumzi ndefu tu, pwaaa.

"Kwani saba na nane ni ngapi?" Digidigi aliuliza, kama anayeuliza habari za mvua.

Kiboko alianza kuhesabu vidole vya miguu yake ya mbele. Vinne huku, vinne huku. Alipofika nane, vidole vikaisha. "Nyingi," alisema.

"Thelathini na mbili, ukitoa kumi na tano?"

"Hiyo ni ya kukopa," Kifaru alisema. "Mama alishanikataza kukopa."

"Na kumi na mbili ukigawanya kwa nne?"

Nyati alipiga kwato chini, vumbi likaruka. "Usiniulize mambo ya kugawanya. Hesabu za kugawanya zinanitafuta ugomvi."

 Hatua kwa hatua, ti-ti-ti, Digidigi alipiga hesabu yake mwenyewe. Sisi tuko wanne. Watatu wakipelekwa ng'ambo ya mto, wanne kutoa watatu, abaki mmoja. Mmoja huyo ni mimi. Mmoja huyo ukimpitisha peke yake mlangoni kwa Mzee Chui, abaki sifuri.

Usiku huo usingizi ulikuja kwa shida. Kuwafundisha mwenyewe hawezi. Nani aliwahi kuona Kifaru akifundishwa na kitu kidogo kuliko sikio lake? Kuwaambia waende kichuguuni hawatakwenda, wanaona aibu. Alifikiri mpaka akapata jibu, na jibu lilimfurahisha sana mpaka akapiga chafya.

Asubuhi alimfuata Mwalimu Korongo kabla ya kengele.

"Shikamoo, Mwalimu. Kwenye jaribio la Ijumaa nitakosa yote."

"Umejuaje?"

"Nimejipanga. Naomba ukisharudisha karatasi, uyasome matokeo yangu kwa sauti, wote wasikie."

Mwalimu Korongo alikuwa ameyaona madaftari yake. Alijua hajawahi kukosa hata moja. Akamtazama. Akabadilisha mguu. Akawatazama kina Kifaru waliokuwa wakisukumana mlangoni. Akabadilisha mguu tena.

"Mimi sijasikia kitu," alisema. "Nenda kakae."

Ijumaa ikafika. Msidhani kukosa ni kazi rahisi, watoto wangu. Saba jumlisha nane, Digidigi akaandika sabini na nane, na moyo ulimchoma kama mtu aliyekanyaga mwiba. Kumi kutoa tatu, akaandika samaki. Alipomaliza alikuwa analengwalengwa na machozi, na machozi hayo yalikuwa ya kweli.

"Digidigi," Mwalimu Korongo alisoma, "sifuri."

Juu ya paa: kwi, kwi, kwi.

Walipotoka, Digidigi alilia njia nzima. Alilia kwa sauti nyembamba, nyii, nyii, mpaka Nyati akasimama.

"Mdogo wetu, sifuri ni nini kwani? Mimi ninazo nyumbani nyingi tu."

"Nitapelekwa chekechea," Digidigi alisema. "Hesabu siziwezi hata kidogo. Ninyi ni wakubwa, mmekaa darasa la tatu muda mrefu kuliko mtu yeyote. Mnalijua kila ufa wa ukuta. Kama hamtanisaidia ninyi, nani atanisaidia?"

Wale watatu walitazamana. Tangu wazaliwe hawajawahi kuombwa msaada wa hesabu. Kifaru alijisikia kama ameota pembe ya tatu.

"Usilie," alisema. "Tutakufundisha sisi."

"Kweli, Kaka?"

"Mimi nikisema nimesema."

Digidigi alifuta macho. "Basi nianzie hapohapo nilipokosa. Saba na nane ni ngapi?"

 Kifaru alimtazama Nyati. Nyati alimtazama Kiboko. Kiboko alitazama vidole vyake, akaona haviongezeki.

"Jibu lipo," Kifaru alisema hatimaye, "ila si vizuri kufundisha mtu njiani. Jumatatu tutakupeleka kwa Mwalimu Korongo. Tutakaa na wewe, tusikilize anavyosema, halafu tukueleze vizuri zaidi."

"Mtaniona mzigo."

"Mzigo wenyewe kilo ngapi?" Nyati alisema.

Jumatatu, baada ya masomo, shule nzima iliona ajabu. Watatu wale walikatisha uwanja, ndi-ndi-ndi na pwa-pwa-pwa, Digidigi katikati yao, wanakwenda kichuguuni.

Ngedere alifungua mdomo: *Kilaza, kil—*

Nyati aligeuza kichwa polepole. "Sisi tumemsindikiza mtoto. Una neno?"

Ngedere akahamia upande wa pili wa paa.

Mwalimu Korongo alileta vijiti na kamba za ukili. "Leo tutafunga mafungu," alisema. "Mkipata vijiti kumi, mnafunga fungu moja, mnaanza tena moja. Vidole vikiisha, hamsemi nyingi. Mnafunga fungu."

Kiboko alihesabu vijiti saba. Akaongeza vinane. Alipofika kumi akafunga kamba, akakaza kwa meno, akaanza upya: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Akaangalia fungu lake. Akaangalia vile vitano vya pembeni. Mashavu yake makubwa yakaanza kupanda taratibu.

"Ni kumi na tano," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeona kitu kizuri akaogopa kitaruka. "Digidigi, njoo uone. Ni kumi na tano."

Tangu siku hiyo mambo yalikwenda hivi: alasiri Mwalimu Korongo anafundisha kichuguuni, na njiani kurudi nyumbani wakubwa wale wanamfundisha Digidigi. Naye alikuwa mwanafunzi mgumu ajabu. Alikosea kwa ustadi. Kosa la Kifaru alilirudia mbele ya Kifaru, kosa la Nyati mbele ya Nyati.

"Thelathini na mbili kutoa kumi na tano," Kifaru alimwuliza siku moja.

"Tano haiwezi kutoka kwenye mbili," Digidigi alisema, "basi nimegeuza, nimetoa mbili kwenye tano. Ishirini na tatu."

"Hapana, hapana. Unakopa."

"Mama amenikataza kukopa."

Kifaru alisimama ghafla, Nyati akamgonga kwa nyuma, puu. "Sikiliza, mdogo wangu," alisema. "Huku si kukopa kwa jirani. Una mafungu matatu na vijiti viwili, sivyo? Fungua fungu moja. Lako mwenyewe, hukumwomba mtu. Sasa vijiti ni vingapi?"

"Sijui, Kaka. Vingapi?"

"Kumi na viwili! Toa vitano, saba. Mafungu yamebaki mawili, toa moja, linabaki moja. Kumi na saba." Akajisikiliza. "Kumi na saba," alirudia, akatembea akiwa ameinua pua.

Nyati ndiye aliyeteseka kuliko wote. Alimwaga mbegu za ukwaju kumi na mbili mchangani. "Tugawane wanne, sawasawa," alisema.

Digidigi akazisukuma zote kwa Nyati. "Tayari."

"Sawasawa nimesema."

Digidigi akazisukuma zote kwa Kifaru.

Nyati alivuta pumzi mpaka nyasi zikalala. Lakini hakupiga kwato. Mwalimu hapigi kwato, hilo alilijua. "Tazama," alisema kwa upole ambao hata mama yake hakuwahi kuusikia. "Moja kwako, moja kwangu, moja kwa Kifaru, moja kwa Kiboko. Rudia mpaka ziishe. Kila mtu ana ngapi?"

"Tatu?"

"Tatu," Nyati alisema, akafuta jasho. "Sasa naelewa kwa nini Mwalimu Korongo ni mwembamba vile."

Wiki ya tatu karibu mambo yaharibike. Digidigi alishindwa kuvumilia. Wakati wa mapumziko alijificha nyuma ya darasa, akachora mchangani hesabu za darasa la sita, ndefu kama nyoka, akazitatua moja baada ya nyingine, anatabasamu peke yake. Kumbe Ngedere yuko juu. Akashuka mbio mpaka kwa Kifaru.

"Mnadanganywa," alisema, "yule anajua kuliko Mwalimu. Nimemwona kwa macho yangu."

"Yule?" Kifaru alisema. "Yule jana ameshindwa tano mara tatu."

"Aliniambia ni hamsini na tatu," Nyati alisema. "Nikamweleza mpaka koo likakauka."

"Anajifanya."

"Nani mwenye akili ya hesabu akajifanya hana?" Kifaru aliuliza. "Una wivu, Ngedere. Unaona tunafundisha."

Ngedere alirudi juu ya paa akijikuna. Lakini Dada Kiboko, aliyekuwa amekaa kando, alisikia yote, na hakucheka.

Alasiri ya mwisho kabla ya mtihani, Kiboko alipunguza mwendo mpaka wale wawili wakatangulia mbele, wanabishana juu ya saba mara sita.

"Digidigi," alisema taratibu. "Wewe una vidole vingapi miguu ya mbele?"

"Vinne, Dada. Viwili huku, viwili huku."

"Nami ninavyo vinane. Siku zile nikikufundisha, ulikuwa ukihesabu kwa vidole, ukifika nane unasema nyingi. Nikajiuliza, vidole vinne vya ziada huyu mtoto kavitoa wapi? Kumbe kosa lenyewe lilikuwa langu."

 Digidigi akasimama. "Umekasirika, Dada?"

Kiboko alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kweli, ila alihitaji nafasi. "Siku ya kwanza nilipogundua, nilikasirika. Usiku nikataka niwaambie wenzangu. Halafu nikakumbuka lile fungu langu la kwanza la kumi. Ningesema, Kifaru angerudi nyuma ya mgomba, Nyati angevunja kichuguu. Na mimi ningerudi kwenye nyingi." Akamsukuma kidogo kwa pua. "Kwa nini ulifanya?"

"Naogopa kupita peke yangu kwa Mzee Chui," Digidigi alisema ukweli. "Nilianza kwa ajili hiyo. Sasa sijui. Sasa napenda tu kumsikia Kaka Kifaru akisema kumi na saba."

Kiboko alicheka, pwa-pwa-pwa, tumbo lote likacheza. "Haya. Lakini kesho usikosee kwa ajili yetu. Kesho kila mtu abebe kichwa chake."

Siku ya mtihani kulikuwa kimya mpaka wakasikia mchwa wanatafuna paa. Kifaru alifungua na kufunga mafungu yake hewani. Nyati alinong'ona, "Moja kwako, moja kwangu." Kiboko aliandika polepole, ulimi umetoka nje. Na nyuma ya mgongo wa Kifaru, Digidigi alimaliza yote kabla kivuli cha mlingoti wa bendera hakijasogea.

Jumatatu Mwalimu Mkuu Tembo alisoma matokeo mstarini.

"Nyati, kumi na mbili."

Nyati alitazama nyuma, akidhani kuna Nyati mwingine.

"Kifaru, kumi na nne. Kiboko, kumi na sita."

Kiboko alikaa chini palepale, tifu, vumbi likawafunika wa mstari wa mbele.

"Ngedere, sita. Na Digidigi..." Mwalimu Mkuu aliisogeza karatasi karibu na jicho, akaisogeza mbali. "Digidigi, ishirini kati ya ishirini."

 Ngedere, ambaye alikuwa ameshika kichwa, alirukaruka. "Si niliwaambia? Anajua! Alikuwa anajua tangu mwanzo, amewachezea nyote watatu."

Kifaru aligeuka. Akamtazama Digidigi. Pua yake ikapanuka, ikasinyaa. Digidigi aliinamisha masikio, akasubiri.

"Wewe Ngedere," Kifaru alisema kwa sauti nzito, "mtoto huyu alikuwa na sifuri. Mwalimu alisoma, shule nzima ilisikia. Tumemchukua sisi, tukamfundisha kwa mikono yetu, leo ana ishirini. Halafu unakuja kutunyang'anya kazi yetu?"

"Tena alikuwa mgumu," Nyati alisema, machozi yakimlengalenga. "Hamjui alivyokuwa mgumu."

Mwalimu Korongo aligeukia upande mwingine, mabega yakimtikisika. Kiboko aliziba mdomo kwa nyasi.

Mwalimu Mkuu Tembo alitafakari. "Kama mmemtoa mtoto sifuri mkamfikisha ishirini," alisema, "basi mnajua kazi. Nina wanafunzi kumi na watatu waliopata chini ya kumi. Nilitaka kuwavusha mto."

"Usiwavushe, Mwalimu Mkuu," Kifaru alisema. "Tuachie sisi na Mwalimu Korongo."

Alasiri hiyo kichuguu kilijaa. Walikaa Ngiri, Nungunungu, pundamilia wawili, na Ngedere mwenyewe, amejikunja nyuma kabisa, mkono usoni, asionekane. Wote kumi na watatu walikuwa wametazama chini. Kifaru aliwagawia vijiti na kamba, akaeleza habari ya mafungu kwa sauti ya kutikisa majani, kisha akauliza kama walimu wote wanavyouliza:

"Nani hajaelewa?"

 Hakuna mkono, hakuna kwato.

Ndipo Digidigi, mwenye ishirini kati ya ishirini, alipoinua mguu wake mwembamba kama njiti. "Mimi sijaelewa, Kaka," alisema.

"Wewe tena?" Kifaru alisema, kwa upendo mwingi.

Nungunungu alimtazama Digidigi, akainua mguu wake kidogo. Ngiri akainua wake. Pundamilia wakainua yao. Mwisho kabisa, kule nyuma, mkono mmoja mweusi wenye manyoya ulitoka usoni, ukapanda taratibu mpaka juu.

"Vizuri sana," Kifaru alisema. "Tunaanza upya."

Hadithi yangu imetua hapo, nami naitua pamoja na neno lake moja: aonaye aibu kufundishwa, mwombe akufundishe.